Klachi Inayozama
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ifakara)



Nimetakiwa niseme habari za klachi ya motokaa, ile isukumwayo kwa mafuta. Tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, hatungoji tena pantoni tukienda Mahenge. Lakini tope la masika lingali nasi, na katika tope mguu hautoki juu ya klachi.

Mimi klachi yangu ilizama, fundi mmoja akashusha giaboksi akaniwekea pleti mpya. Siku ya tatu ikazama tena. Ubaya ulikuwa katika kipande cha mpira ndani ya silinda ya juu, kitu cha kufichika kiganjani, na mshahara wa mwezi ule ulikuwa umekwisha kwenda.

Basi yatupasa kupambanua kwanza. Ikiwa injini yalia kwa nguvu bali motokaa haivuti, mara nyingi pleti imekwisha; hiyo ni kazi ya gereji. Bali ikiwa pedali yazama na gia zakataa kuingia, nawe ukiipiga pedali mara nne au tano zaingia, shauri ni la mafuta: yamepungua, au upepo umeingia.

Tazama kikopo cha mafuta chini ya boneti. Motokaa nyingine hutumia kikopo kimoja kwa klachi na breki, na hapo upungufu si jambo la mzaha. Kisha piga magoti, pitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingia ukutani. Kikirudi kimelowa, silinda ya juu yavuja. Halafu itazame silinda ya chini, ubavuni mwa giaboksi, ufunue kifuniko chake cha mpira. Kote kukiwa kukavu, na pedali yazama polepole ukiikanyaga, huenda mpira wa ndani wa silinda ya juu wapitisha mafuta. Hayo ndiyo yaliyonipata. (Ziko motokaa ambazo silinda ya chini imefichwa ndani, hizo hazina budi kushushwa giaboksi.)

Mpira ukiisha kubadilishwa, upepo hutolewa na watu wawili. Zuieni magurudumu kwa mawe. Mmoja akanyage pedali na kuishikilia. Wa pili alegeze nati ya kutolea upepo, iliyovikwa mrija uliozama katika chupa yenye mafuta, kisha aikaze kabla mwenzake hajainua mguu. Rudieni hata mapovu yaishe, na kikopo kisikauke kamwe. Mkanyagaji wangu ni mwanangu, naye hupenda kuinua mguu mapema!

Mafuta yawe ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kifunikoni, kutoka chupa isiyofunguliwa bado, kwa kuwa hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya bonde letu mwaijua. Mafuta ya injini msithubutu: huvimbisha mpira, na kikopo kikiwa kimoja breki nazo hufa.

Bwana Katibu aniambia motokaa yake yasaga gia tangu Jumatatu. Nimekuja na mrija na chupa. Nahitaji mguu wa mtu mmoja.