Visiwa Visivyo na Kiti



Desemba 17, 2017, Harambee Stars walikutana na Zanzibar Heroes Machakos katika fainali ya Kombe la Challenge. Kenya ilitangulia mara mbili, na mara zote mbili Khamis Musa akasawazisha. Ikaja mikwaju ya penalti, kipa Patrick Matasi akapangua mitatu, kombe likabaki nyumbani. Tulishangilia, lakini hao tuliowashinda walikuwa wamekwisha kuifunga Tanzania Bara na kuwang'oa mabingwa watetezi, Uganda.

Je, walikuwa timu ya nchi gani? Machi mwaka huohuo, mjini Addis Ababa, shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Julai likaivua uanachama, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Rais wa CAF wakati huo aliyeitoa hoja hiyo, Ahmad Ahmad, ni mwana wa kisiwa, Mmalagasi. Haya!

Kisheria hoja ina mashiko. Lakini tazameni mashariki. Tangu 1979 ipo Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, na soka ni mojawapo ya michezo hiyo. Komoro wamo, Madagaska, Morisi, Shelisheli, Maldivi, hata Mayotte. Réunion ni sehemu ya Ufaransa na haimo FIFA, ila huko hucheza kwa jina lake, na dhahabu ya soka imeichukua zaidi ya mara moja. Unguja na Pemba hazimo.

Kwetu Kilifi jambo hili lina watu wake. Wavuvi wa Kipemba wamefuata pepo na samaki hadi fukwe hizi kwa vizazi. Wakapiga dago, wakaoa, wakazika wazee wao hapa. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi 2023. Siku ile ya Machakos, Mpemba mzaliwa wa Kilifi aliweza kushangilia mabao yote manne, wala hakuwa na kitambulisho cha kumwambia yapi ni yake.

Chama cha mpira hakiundi dola, na hakuna anayekiomba kiunde. Kazi yake ni kutoa uwanja. CECAFA, waandalizi wa Kombe la Challenge, walilijua hilo zamani, ndiyo maana Zanzibar ilitwaa Challenge mwaka 1995 mjini Kampala. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa Gombani, kisiwani Pemba, Kenya ikiwemo. Zanzibar wakaifunga Burkina Faso 2-1 fainalini.

Basi nawaomba viongozi wa kaunti za Pwani, pamoja na chuo kikuu chetu, waandike barua kwa waandalizi wa Michezo ya Visiwa: Zanzibar ialikwe, walau kama mgeni. Na mechi zao za kujipima nguvu zije zichezwe hapa Kilifi, uwanja wa Karisa Maitha. Mashabiki tunao.