Kodi ya Jengo Moja Ilipwe Mara Moja



Tangu mwaka 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Ghala la korosho lisilo na ghorofa na kiduka kilichojengwa peke yake hutozwa kiwango kimoja. Kwa kuwa thamani haipimwi, la kukagua ni hesabu. Kinachodaiwa ni jengo, si mita. Jengo lenye mita tatu likikatwa mara tatu, mwenye jengo apeleke namba za mita na risiti ofisi inayohusika, aombe marekebisho. Nawe mpangaji, deni hili ni la mwenye jengo: hifadhi risiti, mhesabiane katika pango. Asiyeuliza hulipa asichodaiwa.