Wiki Sita Kabla ya Kuvuna Sato

Leo nazungumza na wewe mwenye bwawa la sato, na wewe unayemnunua sokoni.

Mama mjamzito akienda kliniki huambiwa ale samaki, ubongo na macho ya mtoto vijengeke. Sifa hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na mafuta yaitwayo omega-3, nayo huanzia kwenye vijimea vya majini, vidogo visivyoonekana kwa macho. Sasa mchukue sato, mfungie kizimbani, mlishe pumba za mahindi na mashudu ya alizeti mpaka siku ya kuvunwa. Atanenepa, na protini yake itabaki nzuri. Ila mafuta yake yatafanana na ya alizeti: omega-6 tele, omega-3 kiduchu.

Wapo wanaomchanganyia dagaa. Inasaidia kweli, lakini roho inaniuma, kwa sababu dagaa huyohuyo ndiye kitoweo cha mama mwenye kipato kidogo kule Mwanza na Kisumu. Tusimnyang'anye mtoto tukampe samaki.

Mwenye bwawa, anza na maji. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko, kiganja kikiwa wazi. Ukijani ukikificha kiganja hapohapo, vijimea vipo na sato anajilia. Ukiviona vidole vizuri, ongeza samadi kidogo. Kiganja kikipotea mapema, maji yakiwa bado karibu na kifundo cha mkono, simamisha samadi kabisa. La sivyo, alfajiri samaki watakosa hewa.

Halafu kuna chia, mbegu ambayo wakulima wa Kagera na Uganda wanaijua. Watafiti wa Brazil walimlisha sato mafuta ya chia na ya kitani kwa wiki chache tu, na omega-3 ikaongezeka kwenye mnofu. Ndiyo maana huna haja ya kugharamika tangu kifaranga: mnofu hufuata mlo wa karibuni. Wiki sita za mwisho zinatosha kuleta tofauti.

Saga chia siku ileile unayochanganya chakula. Ikande pamoja na pumba na mashudu, ipitishe kwenye mashine ya kusagia nyama, kisha anika kivulini, maana jua kali huchachisha mafuta ya chia upesi. Tengeneza cha siku chache tu. Na kila asubuhi, kabla hujamwaga, nusa. Kikinukia kama rangi ya mafuta ya kupaka milango, usiwape samaki.