Mtoto Anayechelewa Kuandika Si Mvivu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Mikutano yetu mingi huwa juu ya mshahara, saa za kazi na likizo. Leo tumeomba ruhusa tuseme juu ya kitu kidogo, nacho ni daftari la mtoto. Tumeomba kwa sababu neno moja limekuwa likisemwa kivukoni Likoni, katika matatu za Kisauni, na kwenye vibanda vya chai Changamwe: "Mtoto wangu yuko gredi ya pili, na hata jina lake hajui kuandika." Husemwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni.

Kwanza tujiulize kwa nini jambo hili latuuma sana. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake. Wengi wa wazee wetu hawakuwa na sahihi ila dole. Wala msidhani mambo hayo yamekwisha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yasema mfanya kazi aweza kukubali mkataba kwa kuandika jina lake, au kwa kutia dole mbele ya mtu asiyekuwa mwajiri wake. Yasema pia kwamba asiyejua kusoma lazima aelezwe mkataba huo kwa lugha anayoifahamu. Ni ulinzi mzuri. Lakini kila mmoja wetu ajua tofauti ya kuelezwa karatasi na kuisoma mwenyewe.

Kwa hivyo mzazi akifungua daftari na kuona mikwaruzo mitupu, mawazo yake huruka mbali. Aona dole la babu yake. Hofu humshika, na baada ya hofu huja fimbo.

Ndugu zetu, hatusemi juu ya watu wa mbali. Mmoja wetu, mkazi wa Likoni, alikuwa akitoka nyumbani kabla ya alfajiri ili awahi feri, na akirudi mtoto amelala. Siku moja ya mapumziko alifungua daftari la mwanawe wa miaka 6. Akakuta b imegeuka d, na jina limeanzia upande wa kulia wa karatasi. Akamwita mzembe, akamchapa. Tangu siku hiyo mtoto akawa anaficha daftari, na kila Jumatatu asubuhi akilia kwamba tumbo lamuuma.

Mama yake ndiye aliyefumbua fumbo. Asubuhi mtoto yuko skuli, akiandika kutoka kushoto kwenda kulia. Alasiri yuko chuoni, akiandika alifu na bee kutoka kulia kwenda kushoto. Alikuwa akifanya shifti mbili kwa siku, wala hapakuwa na mtu aliyemwonyesha mpaka wake. Mama akatia nyota nyekundu upande wa kushoto katika daftari la skuli, na upande wa kulia katika daftari la chuo. Akamwambia, "Anza penye nyota." Fimbo ikawekwa kando, na mtoto akaanza kuleta daftari mwenyewe.

Tusije tukasema chuo kimemharibu. Watoto wa kila nchi, hata wasiojua herufi za Kiarabu, hugeuza herufi wanapoanza, na wengi huacha wenyewe wafikapo miaka 7 hivi. Hapa pwani Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya herufi hizi za skuli kuenea. Kujua njia mbili ni mali.

Sasa tufanyeje? Winchi ikikwama, fundi haipigi nyundo ovyo; hutafuta palipokwama. Kuandika nako kwataka mambo mengi yaende pamoja: jicho lione, sikio lisikie, akili ikumbuke umbo la herufi, na vidole viitii akili. Mtoto akikwama, tutafute palipokwama.

1. Macho na masikio. Je, huinamia daftari mpaka pua iguse karatasi? Huwauliza wenzake ubaoni kumeandikwa nini? Ukimwita kwa nyuma haitiki? Mpelekeni apimwe kabla ya kumlaumu.

2. Vidole. Mkono wa mtoto bado laini, na penseli ni chombo kigumu. Mpeni kazi za vidole: kuchambua mchele, kukanda unga, kusuka ukili, kufunga vifungo vyake mwenyewe. Aandike kwa kidole katika mchanga au katika unga juu ya sinia. Dakika 10 kila siku zafaa kuliko saa mbili za Jumapili zenye machozi.

3. Mkono wa kushoto. Yuko mtoto aliyezaliwa kutumia mkono huo. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu, na adabu hiyo yafundishika mezani. Lakini tukimnyang'anya penseli tumempa mzigo wa pili. Mwacheni aandike.

4. Lugha. Kiswahili huandikwa kama kinavyosikika: ba, be, bi, bo, bu. Mtaala ulioanza nchini kote mwaka 2019 wataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali pale, na mijini lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Basi nyumbani aanze na maneno anayoyasema: mama, baba, feri, samaki. Kiingereza chenye herufi zisizosikika kitafuata.

5. Mwalimu. Tangu ada za skuli za msingi za serikali zilipofutwa Januari, watoto wengi waliingia, na madarasa mengi yalijaa; huo ulikuwa mwaka 2003. Mwalimu mmoja hawezi kuona kila mkono. Nendeni mkamwulize kwa upole, "Mwanangu akwama wapi?" Msiende kugombana.

Ikiwa mtoto amepita miaka 8, amefundishwa, na bado hawezi kuandika maneno mepesi, basi msingoje. Wako watoto wenye akili timamu ambao herufi huwatatiza sana, nao huhitaji kufundishwa kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1984 kuna vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji kama hayo. Mwulizeni mwalimu mkuu kituo cha karibu.

Na juu ya fimbo: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mtoto kuadhibiwa kwa kupigwa skuli. Itakuwa ajabu ikiwa skuli yakatazwa, na sisi nyumbani twaendelea. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema mkunje, hawakusema mvunje.

Mwisho, twaomba mambo matatu kwa chama. Kwanza, wawakilishi wetu kazini wamsaidie mwanachama abadilishiwe shifti siku anayoitwa skuli, maana mzazi hawezi kumwona mwalimu usiku. Pili, wanachama wanaoweza kuandika watoe saa moja kila Jumamosi waangalie madaftari ya watoto wa wenzao, Likoni, Kisauni na Changamwe. Tatu, mzazi asiyejua kuandika asione haya kuingia darasa la gumbaru. Mtoto akimwona baba yake naye anahangaika na b na d, atajua kwamba kukosea si aibu.

Leo jioni mkifika nyumbani, na mkimkuta mtoto macho, mwambieni alete daftari. Msitafute makosa kwanza. Tafuteni herufi moja aliyoiandika vizuri, mumwonyeshe hiyo.

Umoja ni nguvu.