Kiharusi Siyo Kurogwa
(Mazungumzo na wanakisomo wa Rwamgasa, Geita)



Leo tuzungumze juu ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Tumechagua somo hili kwa sababu. Huku kwetu mtu mzima akianguka ghafla, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea, wapo watakaosema, "Huyu karogwa." Jua halijazama, mama mzee wa jirani keshatajwa. Toka Shinyanga hadi Geita, wazee wengi wameuawa kwa maneno kama hayo. Basi tujue hasa kinachotokea mwilini.

Moyo ni pampu. Wachimbaji mnaijua pampu ya kutoa maji duarani. Moyo ni mkubwa kama ngumi, nao husukuma damu mwili mzima, usiku na mchana. Mishipa ndiyo mipira ya kupitishia damu. Pampu ikiharibika, taabu. Mpira ukiziba au ukipasuka, taabu vilevile. Kwa hiyo maradhi haya si ya aina moja.

Kwanza, shinikizo la damu, yaani presha. Damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Ubaya wake, mara nyingi haliumi. Mtu anaponda mawe, anacheka na wenzake, kumbe mishipa inaharibika. Kipimo kikionyesha 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa ile ya chini, au zaidi, tena si mara moja tu, presha imepanda.

Pili, kiharusi. Mshipa wa kwenye ubongo huziba au hupasuka. Sehemu ile ya ubongo ikikosa damu, upande mmoja wa mwili hulegea na maneno hayatoki sawasawa. Chanzo kikubwa ni ile presha tuliyoisema. Mchawi yuko wapi hapo?

Tatu, shambulio la moyo. Mshipa unaoulisha moyo wenyewe huziba. Kifua hubana, maumivu huenda mkononi au tayani, na jasho baridi humtoka mtu.

Nne, ugonjwa unaoanzia kooni kwa watoto. Mtoto akiumwa koo asipate dawa, baadaye viungo vyake huweza kuvimba, na milango ya moyo ikaharibika. Koo la mtoto tusilidharau.

Tano, moyo kushindwa kazi. Miguu huvimba, na mtu akilala chali hukosa pumzi. Mara nyingi huu ndio mwisho wa hayo mengine yakiachwa bila tiba.

Sasa tufanye nini?

Twende tukapime presha hata kama hatuumwi. Aliyepewa dawa asiziache eti kwa kuwa anajisikia vizuri. Amwulize mganga wa zahanati kwanza. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu. Sigara tuache, pombe tupunguze.

Mtu akipatwa na kiharusi, tusimpe chakula wala maji, asije akapaliwa. Akiwa hajitambui, tumlaze ubavu. Tumkimbize hospitali saa ileile. Tukianza kuzunguka kutafuta mchawi, ubongo unazidi kufa.

Nchi yetu imepiga hatua. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini Dar es Salaam ni mbali, na kipimo cha presha ni kazi ya dakika chache.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila mmoja wetu awasomee maneno haya watu wawili ambao hawajui kusoma. Na siku jirani akianguka, sisi tuliosoma tuwe wa kwanza kusema: "Huyu ana kiharusi. Leteni pikipiki. Mama mzee aachwe, hana kosa."