Gari Liishie Majanini: Mada kwa Madereva na Watu wa Ziwa, Lunyo



Sisi wa Lunyo hatuna bahari, ila mchanga tunao. Ukishuka Majanji siku ya sikukuu utakuta pikapu, magari madogo na bodaboda zimepangana hadi ndani ya maji ya Ziwa Viktoria. Nazungumzia foleni hiyo.

Nianze na mukene, ambao majirani zetu wa Kenya huwaita omena. Mama huwaanika juani juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Gari likipita kando kwa kasi, mchanga huwarukia. Dereva ataapa kwamba hakukanyaga kitu, na kweli hakukanyaga. Lakini mukene wenye mchanga hawanunuliwi kwa kitoweo. Watauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na hasara ni ya yule mama.

Ndani ya maji mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa hayaonekani. Ngege dume huchimba kishimo kama bakuli kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi, na jike hutaga humo kabla ya kuyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni. Tairi moja linafukia vishimo kadhaa, kisha jioni tunalalamika kwamba ziwa limekauka samaki.

Halafu kuna kuosha magari ziwani. Oili na grisi huelea palepale tunapochota maji kwa madumu. Muoshaji naye hasalimiki: Kisumu, tangu miaka ya 1990, watafiti wamewafuatilia vijana wanaoosha magari ziwani, wakaona wanatibiwa kichocho, wanarudi majini, wanaambukizwa tena. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hukaa maji ya kina kifupi, na dawa haimkingi mtu anayesimama humo kila siku.

Sheria ipo. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinatenga ukanda wa hifadhi wa mita 200 kandokando ya ziwa hili, na sababu yake tuliiona 2020 maji yalipopanda na kumeza mialo. Majani na mizizi ndiyo inayoshika udongo. Palipochorwa njia ya magurudumu, mvua hupageuza korongo.

Sisemi magari yasije, maana samaki hatutawabeba kichwani hadi Busia mjini. Gari lisimame majani yanapoanzia, mzigo ushushwe kwa toroli. Mwenye haraka amsalimu kwanza mwenye nyavu, aulize pa kupita. Pikipiki ioshwe nyumbani kwa ndoo.

Naomba kamati ya mwalo ichimbie magogo kwenye mstari huo wa majani kabla ya Krismasi, maana mwezi huo hakuna dereva atakayesikiliza mada.