Kizito Katika Daftari la Ubatizo: Watakatifu, Tarehe na Mwaka wa Kanisa

Pengine kati yenu wamo ndugu zetu Waislamu na Wakristo wa madhehebu mengine, waliokuja kuona Mkatoliki akijitetea kuhusu watakatifu. Utetezi wangu utakuwa mfupi. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Watakatifu tunawaheshimu na kuwaomba watuombee. Mtaguso wa pili wa Nisea uliweka jambo hilo wazi mwaka 787, na sina la kuongeza. Jioni hii nataka kuzungumzia tarehe.

Usiku wa 25 kuamkia 26 Mei 1886, huko Munyonyo kando ya Ziwa Viktoria, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walijua kwamba kukicha wataitwa mmoja mmoja kuulizwa kama wanasali. Mkubwa wao, Karoli Lwanga, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa miezi sita tu nyuma, aliwabatiza wenzake wanne waliokuwa bado wakatekumeni: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Kizito alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Padre hakuwepo, wala kalenda ya kuchagulia majina. Tarehe 3 Juni, Alhamisi ya Kupaa Bwana mwaka ule, walichomwa moto Namugongo.

Sasa itazameni orodha ya Mashahidi wa Uganda, wale 22 wa Kanisa Katoliki. Kumi na saba wana majina mawili: Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Matias Mulumba, Noe Mawaggali na wengineo. Watano wamebaki na majina yao ya Kiganda matupu. Wanne ni hao waliobatizwa usiku. Wa tano, Mukasa Kiriwawanvu, alikufa hajabatizwa kabisa, na Kanisa likahesabu damu yake kuwa ubatizo. Papa Benedikto XV aliwatangaza wote wenyeheri tarehe 6 Juni 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Kumbukeni sheria ya enzi hizo. Kanuni ya 761 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakikataa, paroko aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili daftarini. Ndiyo maana babu zetu waliingia kanisani na jina moja wakatoka na mawili, na la pili mara nyingi lilitegemea siku waliyozaliwa au waliyobatizwa imeangukia kwa nani kwenye kalenda ya ukutani. Tunao akina Polikarpo, Kanuti na Kunegunda ambao wazazi wao hawakuwahi kusikia habari za Smirna, Denmark wala Bavaria. Kisha likaja jina la Kizito. Baba akisema mwanangu aitwe Kizito, paroko hakuwa na la kuongeza, maana Kizito mwenyewe yumo katika orodha ya watakatifu. Leo jina hilo liko kwenye daftari za ubatizo kuanzia Songea hadi Kisumu, na wengi wanaoitwa hivyo si Waganda. Sheria mpya ya mwaka 1983 ilikuja baadaye kuridhika na jina lolote lisilopingana na imani. Kwa maoni yangu, njia hiyo ilikwisha kufunguliwa Munyonyo, usiku ule, na vijana wasiokuwa na nafasi ya kufikiria majina.

Nimeanza na Kizito kwa sababu anatuonyesha kalenda ya watakatifu ilivyo hasa. Ni orodha ya marehemu. Kila siku ya mwaka ina watu waliokufa mahali fulani, kwa namna fulani, na kuna mtu aliyeandika. Mwandishi asipokuwepo, mtakatifu yuko mbinguni vilevile, lakini duniani hana siku.

Waafrika ndio waliolielewa hili mapema kuliko wengi. Karibu mwaka 250, wakati wa dhuluma ya Kaisari Desio, Sipriani, askofu wa Karthago, akiwa mafichoni, aliwaandikia mapadre wake akiwaagiza waandike siku ambazo waamini wanafia gerezani, ili kumbukumbu zao ziadhimishwe pamoja na za mashahidi. Mtu anayetafutwa auawe anakumbuka kuagiza tarehe! Miaka 47 kabla ya hapo, katika mji huohuo, mama mdogo wa miaka 22 aliyekuwa akinyonyesha, Perpetua, aliandika kwa mkono wake mambo ya gerezani hadi karibu na siku ya kuuawa. Mwenzake Felisita, mtumwa, alijifungua mlemle gerezani. Waliuawa uwanjani tarehe 7 Machi 203. Roma ilipoandika orodha yake ya siku za mashahidi, ile inayopatikana katika kitabu cha mwaka 354, karibu wote waliomo ni watu waliozikwa Roma na kandokando yake. Lakini Perpetua na Felisita wamo, na Sipriani yumo, na panatajwa kwamba ni wa Afrika. Waliingia kwa sababu kwao kulikuwa na maandishi.

Siku hiyo ya kufa Kanisa liliiita siku ya kuzaliwa. Waamini wa Smirna walifanya hivyo katikati ya karne ya pili: walikusanya mifupa ya askofu wao Polikarpo, wakaahidi kukutana mahali pale kila mwaka kwa furaha. Jumuiya, kaburi, tarehe. Mengine yote, sanamu, novena, vitenge vyenye picha ya somo, yalifuata baadaye sana.

Na yalifuata kwa wingi. Kufikia karne yetu iliyopita kalenda ya Kiroma ilikuwa imejaa kiasi kwamba siku za watakatifu zilizibana Kwaresima na hata Dominika. Mtaguso wa Vatikano wa Pili uliagiza kwamba sikukuu za watakatifu zisiyafunike mafumbo ya Kristo mwenyewe. Tarehe 14 Februari 1969 Paulo VI akaidhinisha kalenda mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. Kristofa akaondolewa kwenye kalenda ya Kanisa zima, na Barbara pia. Watu walisikitika, na madereva wetu wa mabasi ya mikoani hawakuvua medali za Kristofa. Walifanya vizuri: jina lake halikufutwa katika kitabu cha mashahidi, na bado anaweza kuadhimishwa mahali anapopendwa. Ila mageuzi hayohayo ndiyo yaliyomwingiza Karoli Lwanga na wenzake kwenye kalenda ya ulimwengu mzima, pamoja na Paulo Miki na wenzake wa Japani na Martin wa Porres wa Peru. Tangu hapo padre wa Poland anavaa nyekundu tarehe 3 Juni kwa ajili ya vijana wa Buganda.

Nina lalamiko moja dogo kuhusu kalenda hii. Perpetua na Felisita wamerudishwa kwenye tarehe yao ya kweli, 7 Machi, na hilo ni jema. Lakini karibu kila mwaka tarehe hiyo huangukia ndani ya Kwaresima, na katika Kwaresima kumbukumbu za watakatifu hupunguzwa: padre akipenda husoma sala yao ya mwanzo, rangi inabaki zambarau, basi. Matokeo yake ni kwamba mama wawili wa Afrika, wanaotajwa kwa majina katika Sala Kuu ya kwanza ya Ekaristi, hawajulikani na wengi wa mama zetu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Najua kanuni. Nasema tu kwamba katekista anayejua hilo anaweza kuwasimulia katika jumuiya jioni ya siku hiyo, na hakuna kanuni itakayovunjika.

Hapo nafika kwenye desturi zetu za kila siku. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji, kila jumuiya ilijichagulia somo. Mtaani kwangu, kama kwenu, watu huulizana wanasali jumuiya ya nani, na jibu ni jina la mtakatifu. Sikukuu ya somo ikifika kuna novena, Misa, michango, na pilau. Sipuuzi lolote kati ya hayo, pilau likiwemo. Lakini jaribu kuuliza, katikati ya shangwe hiyo, mtakatifu huyu aliishi wapi, alikufa lini, alikuwa na ugomvi gani na watu wa zama zake. Mara nyingi utaambiwa kazi yake: Antoni wa Padua ni wa vitu vilivyopotea, Yuda Tadei ni wa mambo yaliyoshindikana, Rita ni wa ndoa ngumu. Tumewagawia madirisha ya huduma, tunapanga foleni, na shida ikiisha hatuonani tena hadi shida nyingine.

Kuomba si kosa. Wenye shida hawapaswi kusubiri wajifunze historia kwanza. Ila mtakatifu anayejulikana kwa kazi yake tu hawezi kutuhoji. Wa kalenda anaweza, kwa kuwa anakuja siku yake imefika, hata kama hukumwita. Kesho yake Noeli, nyumba bado zinanukia sherehe, anakuja Stefano aliyepigwa mawe. Siku mbili baadaye wanakuja watoto waliouawa na Herode. Tarehe 8 Februari anakuja Yosefina Bakhita, mtoto wa Darfur aliyeuzwa na kuuzwa tena, akabatizwa Venezia tarehe 9 Januari 1890 na kufa sista huko Schio mwaka 1947. Jina la Bakhita alipewa na waliomteka. Alilopewa na wazazi wake hakuweza kulikumbuka. Siku yake sasa ni siku ya sala dhidi ya biashara ya binadamu, na anayeiadhimisha akiwa amemweka nyumbani binti wa kazi asiyelipwa mshahara, ajue anahojiwa naye.

Mwenye kusali Masifu ya asubuhi na jioni hukutana na watu hawa mwaka mzima bila kuwachagua. Hiyo ndiyo faida kubwa, na naipendekeza kwa walei kuliko novena kumi. Kijitabu cha kalenda ya liturujia, dakika tano kabla ya kwenda kazini, tarehe, jina, mahali, kisha sala fupi.

Mashahidi wa Uganda wanatoa mfano mzuri zaidi wa hili. Tunawasherehekea kwa pamoja tarehe 3 Juni, lakini siku ile waliuawa 13 tu kati ya Wakatoliki hao 22. Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei. Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza waliuawa tarehe 27, njiani kuelekea Namugongo. Noe Mawaggali aliuawa Mityana tarehe 31. Yosefu Mukasa alikuwa ametangulia tarehe 15 Novemba 1885, na Yohane Maria Muzeyi akamalizia tarehe 27 Januari 1887. Anayesali kwa tarehe hizo kuanzia 26 Mei anatembea nao njia nzima. Pia atakumbuka kwamba kwenye moto wa Namugongo walikuwemo vijana wa Kianglikana, ambao Paulo VI aliwataja kwa heshima alipowatangaza wenzao watakatifu. Tunayajua haya kwa sababu walionusurika walisema. Denis Kamyuka, kijana aliyetolewa kwenye kuni dakika za mwisho, aliishi akatoa ushahidi wake.

Jirani zetu wa Kongo wanaendelea kuongeza tarehe. Sista Anuarite Nengapeta, wa shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akatangazwa mwenyeheri mwaka 1985. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa Julai 2007. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Huyu wa mwisho nadhani angefaa kuwa somo wa ofisi nyingi sana, zikiwemo za hapa kwetu.

Na Tanzania? Hatuna hata mtakatifu mmoja aliyetangazwa. Mchakato wa Mwalimu Nyerere, uliofunguliwa na Jimbo la Musoma mwaka 2005, unaendelea, na ndio unaojulikana kuliko yote. Je, toka wamisionari walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, hatujapata katekista aliyetembea vijiji saba kwa miguu, sista aliyekufa kwa ugonjwa aliokuwa akiuuguza, mama aliyesamehe lisilosameheka? Tumewapata. Tumewazika vizuri, tukasoma wasifu wao kwa kipaza sauti, na karatasi ya wasifu tukaipoteza kabla ya arobaini.

Kanisa linataka miaka mitano ipite tangu kifo kabla ya kuanza mchakato, ili vilio na sifa za msibani zipoe. Lakini ikipita 30, askofu hulazimika kwanza kujiridhisha kwamba wanaoleta ombi hawakuwa na hila katika kuchelewa, na kufikia hapo mashahidi wa macho wengi wameshazikwa.

Kila parokia inalo daftari la vifo, ambalo sheria inalidai kama linavyodaiwa lile la ubatizo. Naomba viongozi wa jumuiya mlioko hapa mkamwombe paroko ruhusa ya kulisoma, mchague majina matatu ambayo wazee wenu bado wanayataja, kisha mwende kwa wazee hao na simu zenu mkawarekodi: alizaliwa wapi, alifanya nini, alikufa lini, nani alikuwepo. Wanafunzi wa historia wa chuo hiki watawasaidia kuandika. Anzeni na mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote, na mwende kabla ya Dominika ijayo.